Kuandaa mashine ndogo ya CNC kwa kazi ya kuchonga maandishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya fundi mwenye mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, ya aina ya 3018, au nyingine ya umbo hilo, anayetaka kuchonga vibao vya majina, sahani za ngao za mashindano, lebo za brasi na nakshi kwenye mbao. Maswali nimeyapanga kwa mfuatano wa kazi: kwanza mashine, kisha biti (kipande kinachokata), kisha faili, mwisho matatizo. Jambo moja litajirudia karibu katika kila jibu, nalo ni kina. Maandishi yaliyochongwa yanapendeza au yanachukiza kwa sehemu ya kumi ya milimita kwenda chini, na maandalizi yote ya mashine yanalenga kuitawala hiyo sehemu ya kumi.

Namba 3018 ina maana gani? Mashine ya ukubwa huo inatosha kwa kazi ya kulipwa?

Ni eneo la kazi kwa sentimita: 30 kwa upande wa X na 18 kwa upande wa Y. Kwa Z, yaani juu na chini, kuna takribani milimita 45. Hapo kinaenea kibao cha mlango wa ofisi, beji, sahani ya ngao, lebo za swichi za umeme, au kifuniko cha kasha la vito.

Inatosha kwa kulipwa ukiijua tabia yake. Fremu ni ya alumini ikiwa imeunganishwa kwa vipande vya plastiki ngumu, na mota ya kukatia ni ya aina ya 775 inayotumia volti 24. Haina misuli. Mbao, akriliki, plastiki ya tabaka mbili na brasi nyembamba inazimudu vizuri. Alumini inakubali ukiwa na subira. Chuma cha pua usijaribu kukichimba. Kikwaruze kwa ncha ya almasi tu, mota ikiwa imezimwa.

Nimeitoa kwenye boksi sasa hivi. Nianzie wapi?

Usianze na kompyuta. Anza na mahali utakapoiweka. Mashine hii ni nyepesi, na ikikaa juu ya meza iliyopinda, fremu nayo inapinda ikafuata meza. Tafuta kitu bapa kweli: kipande cha granaiti kilichobaki kwa mafundi wa jiko ni bora kuliko meza nyingi za mbao. Iweke mashine juu yake, legeza bolti za fremu kidogo, bonyeza pembe zote nne zigote chini, halafu kaza bolti kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili.

Kisha pima pembe ya X na Y. Funga kipande cha plastiki mezani, weka biti ya V, yaani iliyochongoka, na utoboe alama tatu ndogo: ya kwanza kwenye X0 Y0, ya pili kwenye X80 Y0, ya tatu kwenye X0 Y60. Chukua kaliba upime kutoka alama ya pili hadi ya tatu. Lazima upate 100 mm. Ukipata zaidi, pembe imefunguka. Ukipata pungufu, imebana. Legeza nguzo mbili zinazobeba daraja la X, isogeze moja mbele au nyuma kidogo, kaza, rudia. Kazi hii inachosha, lakini ikishapatikana mstatili utakuwa mstatili na duara litakuwa duara, na hutairudia mpaka siku mashine itakapoanguka au kuhamishwa.

Herufi zangu zinatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Biti ni mbovu?

Mara nyingi biti haina kosa. Biti ya V inachora mstari ambao upana wake unategemea imezama kiasi gani. Hesabu ni rahisi: upana ni sawa na upana wa ncha, jumlisha kina mara mbili ukizidisha na tanjenti ya nusu ya pembe ya biti.

Chukua biti ya digrii 60 yenye ncha ya 0.1 mm, na umeiagiza kuchonga kina cha 0.2 mm. Upana unaotarajia ni 0.33 mm. Sasa tuseme sahani yako imebonyea 0.15 mm upande wa kushoto na imeinuka 0.15 mm upande wa kulia. Kushoto biti inazama 0.05 mm tu na mstari unakuwa 0.16 mm. Kulia inazama 0.35 mm na mstari unakuwa 0.50 mm. Herufi ya mwisho ya jina imekuwa nene mara tatu ya herufi ya kwanza, na tofauti ya urefu iliyosababisha hayo hata kucha haiisikii.

Rudia hesabu hiyo kwa biti ya digrii 20. Kushoto utapata 0.12 mm, katikati 0.17, kulia 0.22. Tofauti ipo, lakini jicho linasamehe. Ndiyo maana kwenye chuma na plastiki nyembamba napendelea biti kali, ingawa ncha yake inavunjika upesi. Biti pana ya digrii 60 au 90 naiacha kwa mbao na kwa herufi kubwa.

Hata hivyo biti kali inapunguza tu ugonjwa. Dawa yenyewe ni kusawazisha.

Meza naisawazishaje?

Usiichonge meza ya alumini iliyokuja na mashine. Juu yake funga ubao wa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) wa mm 10 au 12, na vichwa vya skrubu vizame ndani kabisa. Weka biti bapa, washa mota, shusha mpaka iguse mahali palipoinuka zaidi, kisha iamuru ipite ubao mzima mstari kwa mstari ikiparua 0.2 mm. Ikibaki sehemu ambayo haijaguswa, shuka 0.2 nyingine. Kabla ya kuanza, chora mistari ya penseli ubao mzima: penseli ikifutika yote, umemaliza. Kuanzia hapo ubao uko sambamba na mwendo wa mashine yako, hata kama mashine yenyewe imekaa upande.

Ukipitisha kidole ukasikia vijingazi vidogo kati ya njia moja na nyingine, mota ya kukatia haijasimama wima. Chomoa umeme, chukua waya mgumu wa chuma, upinde kwa umbo la herufi L, ufunge kwenye koleti (kibano kinachoshika biti), na uizungushe mota kwa mkono. Ncha ya waya ipite ikigusa karatasi mbele, nyuma, kushoto na kulia. Ikigusa kushoto na kuachia kulia, unajua mota imelalia wapi. Legeza kishikizo chake, weka kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni au cha kopo la soda nyuma ya upande unaohitaji kusukumwa, kaza, zungusha tena.

Walioko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wajue kwamba MDF inanyonya unyevu na kufura. Ubao uliousawazisha kiangazi utakuwa na vilima baada ya masika. Uparue upya, na upake sila (rangi ya kuziba vinyweleo) pande zote, na upande wa chini pia.

Nikishasawazisha ubao, bado nahitaji ramani ya urefu?

Kwa mbao na akriliki nene, hapana. Kwa brasi nyembamba, kwa sahani iliyokatwa kwa mkasi wa bati, na kwa bodi za saketi, ndiyo. Ramani ya urefu ni pale mashine inapogusa sahani sehemu nyingi, inakariri kila sehemu ina urefu gani, kisha inarekebisha faili lote lifuate mabonde na vilima hivyo. Programu za Candle na bCNC zinafanya hivyo bila malipo. Kwa sahani ya sentimita 10 kwa 5, alama kila sentimita moja zinatosha.

Mguso huo unategemea umeme kupita kati ya biti na sahani, na hapa kuna mtego unaovunja biti nyingi. Alumini iliyotiwa rangi kiwandani, ile ya dhahabu au nyeusi ya vibao na ngao, ina ngozi isiyopitisha umeme. Biti itagusa, bodi inayoendesha mashine haitajua, na mashine itaendelea kushuka mpaka ncha ikatike. Kabla ya kuanzisha mguso wowote, gusisha sahani na biti kwa mkono ukitumia waya na uangalie kama programu inaonyesha mguso. Haionyeshi? Usiendelee. Kwa sahani ya namna hiyo tegemea ubao uliosawazishwa vizuri, na uibandike kwa gundi ya kuilaza pote.

Biti mpya, meza sawa, na bado mstari ni mpana kuliko hesabu. Nini tena?

Biti yako inayumba. Ikiyumba 0.1 mm, ncha ya 0.1 mm inakata kama ncha ya 0.2. Ukiwa na saa ya kupimia yenye alama za 0.01 mm, iegemeze kwenye shina la biti na uzungushe mota kwa mkono. Mimi sikubali zaidi ya 0.05 kwa kazi ya maandishi.

Chanzo cha kwanza ni koleti kufungwa vibaya. Koleti ya ER11 haiwekwi kwanza kwenye shina la mota halafu nati ikafuata. Inaingizwa kwenye nati kwanza: ishike kwa kuilaza upande, isukume kwenye ukingo wa ndani wa nati mpaka usikie inaitika. Hapo ndipo unafunga nati kwenye shina kwa mizunguko michache, unaingiza biti, na kukaza kwa spana mbili. Koleti isipoitika inakaa upande, na ukilegeza inang'ang'ania ndani ya shina.

Chanzo cha pili ni uchafu. Unga wa mbao kidogo tu ndani ya koleti unaielekeza biti pembeni. Mswaki wa zamani na kitambaa vinatosha. Chanzo cha tatu ni kile kishikio cha koleti kinachofungwa kwenye shina la 5 mm la mota kwa skrubu za pembeni: skrubu zinakisukuma upande mmoja. Kilegeze, kigeuze robo mzunguko, kaza, pima. Endelea mpaka upate mahali panapoyumba kidogo kuliko pengine.

Ninunue biti zipi za kuanzia?

Karibu zote za mashine hizi zina shina la 3.175 mm, kwa hiyo koleti moja ya kipimo hicho inakutosha. Nunua za V za digrii 20 au 30 zenye ncha ya 0.1 na 0.2, kadhaa, kwa kuwa zitavunjika. Nunua moja ya digrii 60 kwa mbao na moja bapa kwa kusawazisha. Akriliki inapenda biti bapa yenye mkato mmoja. Ukipata kazi za kuandika kwenye zawadi za chuma, tafuta ncha ya almasi yenye springi: haizunguki, inakwaruza, na springi inafuata mabonde yenyewe bila ramani.

Nirekebishe idadi ya hatua kwa milimita?

Watu wengi wanaharakisha kuigusa hii, na wengi wanaiharibu. Mota zinazosogeza mashine hizi zina hatua 200 kwa mzunguko. Bodi inaigawa kila hatua mara 16, zinakuwa 3200. Na parafujo ya 3018 kwa kawaida inasogeza 4 mm kwa mzunguko. Gawanya, utapata 800. Andika $$ kwenye sehemu ya amri ya programu ya kutuma, upate orodha ya mipangilio ya bodi, na uangalie $100, $101 na $102, yaani hatua kwa milimita za X, Y na Z. Zikiwa 800 na ukaiamuru mashine isogee 100 mm ukapima 99.9, ziache kama zilivyo. Parafujo ni sahihi kuliko mkono wako na kaliba.

Ukiona pungufu kubwa, tafuta nati iliyolegea au chezo la parafujo. Sukuma meza kwa kidole huku na huku: ikicheza, springi ya nati haibani. Chezo linajionyesha kwenye herufi O ambayo haikutani pale ilipoanzia. Kama kipimo kimetoka nusu au mara mbili kamili, basi parafujo yako ni ya aina nyingine. Kwa ile ya 8 mm kwa mzunguko weka 400.

Nitumie programu gani?

Bodi nyingi za 3018 zinaendeshwa na Grbl, programu huria aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009, inayoishi ndani ya chipu ndogo ileile ya Arduino Uno. Yenyewe inapokea jikodi, yaani mistari ya amri kama G1 X10 Y5 F300, mmoja baada ya mwingine. Wewe unahitaji kitu cha kuchorea, kitu cha kugeuza mchoro uwe jikodi, na kitu cha kutuma.

Kwa kuchora, Inkscape. Kwa kugeuza, F-Engrave inafaa sana kwa maandishi. Kwa kutuma, Candle au UGS (Universal Gcode Sender). Zote hazilipiwi. Kwenye kutuma chagua kasi ya mawasiliano 115200, na kama kompyuta haiioni bodi, huenda inakosa dreva ya chipu ya CH340.

Kuhusu herufi, amua mapema: unataka mstari mmoja au herufi yenye mwili? Fonti za kawaida za kompyuta zina mwili, na biti itazunguka kingo zake ikakuachia herufi zenye mistari miwili. Kwa lebo ndogo na namba za mashine tumia fonti za mstari mmoja. Zilizo maarufu zaidi ni za Allen Hershey, aliyezitengeneza miaka ya 1960 katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na Inkscape inazo ndani kwenye viendelezi vyake. Kwa vibao vya kupendeza tumia herufi zenye mwili kwa njia ya V: biti inazama zaidi mahali herufi ni pana na kupanda mahali ni nyembamba, na pembe zinatoka kali kama za patasi.

Faili linaenda lakini mota haizunguki, au inazunguka kivivu.

Angalia $30, ambayo ni kasi ya juu kabisa bodi inayoijua. Bodi nyingine zina 1000, nyingine 10000. Kama yako ina 10000 na faili lina S1000 (S ni amri ya kasi ya mota), umeomba sehemu ya kumi ya nguvu. Andika S inayolingana na $30.

Angalia pia $32. Ikiwa 1, bodi inadhani ina leza, na mota itazimika kila biti inaporuka kutoka herufi moja kwenda nyingine. Kwa kuchonga iwe 0.

Sifuri naiwekaje?

X na Y unaziweka kwa jicho, kwenye kona au katikati ya sahani. Katikati ni bora kwa sahani za ngao, kwa sababu mara nyingi kingo hazijakatwa kwa unyoofu.

Z ndiyo ya kuheshimu. Njia ya karatasi: karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takribani 0.1 mm. Ivute huku na huku chini ya biti ukishuka kwa 0.05, na ikianza kushikwa simama. Uko 0.1 juu ya sahani. Kwa mbao hiyo inatosha.

Kwa chuma tumia mguso wa umeme. Kipande cha bodi ya saketi chenye shaba juu kinafaa. Kipime kwa kaliba, kwa kawaida ni karibu 1.6 mm. Klipu moja kwenye biti, nyingine kwenye shaba, kisha G38.2 Z-15 F40. Biti ikigusa inasimama. Andika G10 L20 P1 Z1.6, au kipimo ulichopata, na sifuri imekaa. Ondoa klipu kabla ya kuwasha mota. Liandike hilo ukutani kama itabidi.

Ukibadilisha biti, Z inawekwa upya, kila mara, hata kama unaona umeirudisha palepale.

Kasi na kina kwa kila mali?

Hizi ni namba za kuanzia kwa mota ya 775 ikizunguka kwa kasi yake yote. Kisha sikiliza mashine.

Mninga na mbao za namna yake: biti ya digrii 60, kina cha 1 mm kwa pito, mwendo 500 mm kwa dakika. Plastiki ya tabaka mbili: pito moja la 0.15 hadi 0.2, mwendo 600. Tabaka la juu ni jembamba, jaribu pembeni mpaka rangi ya chini itokee safi. Brasi: 0.05 hadi 0.1 kwa pito, mwendo 150, kavu. Alumini: 0.05, mwendo 150, na tone la mafuta ya cherehani, kwa sababu ikipata joto inagandamana na biti. Spiriti usitumie hapa. Mota ya 775 ina brashi zinazotoa cheche.

Akriliki ina tabia ya kinyume na wanavyotarajia wengi. Ukiona inayeyuka, mkono unataka kupunguza mwendo. Ongeza mwendo badala yake, au punguza mizunguko ya mota. Biti inayosugua mahali pamoja ndiyo inayoyeyusha. Inayokata na kusonga mbele inabeba joto lake kwenye mabaki. Mabaki yawe chembe, yasiwe nyuzi. Na uliza dukani kama ni akriliki ya kumiminwa au ya kusukumwa: ya kumiminwa inachongeka safi, ile nyingine inanata.

Mpingo je? Wateja wa zawadi wanaupenda.

Na wana haki. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, nyuzi zake zimebana, na kwa hiyo unashika maelezo madogo ambayo mninga ungeyapasua. Herufi za milimita 3 zinasomeka. Uchonge taratibu kama vile ni chuma laini: 0.2 hadi 0.3 kwa pito, mwendo 300, biti mpya. Biti butu itauunguza na kuacha mng'ao usioshika rangi. Ukitaka maandishi ya dhahabu, paka sila kwanza, chonga ukipita katikati ya sila, jaza rangi, kisha pitisha msasa laini juu. Bila sila kwanza, rangi inaingia kwenye vinyweleo vinavyozunguka herufi na kazi inaonekana chafu.

Vumbi lake ni kali. Linawasha ngozi, na kuna watu linawaletea pumu.

Sahani ndogo naishikaje bila klampu kuzuia biti?

Bandika utepe wa karatasi wa mafundi rangi kwenye ubao na mwingine nyuma ya sahani, kisha weka gundi ya haraka kati ya tepe mbili. Inashika vizuri, inalala bapa, na inabanduka bila kuacha alama. Utepe wa pande mbili wenye sponji usiutumie: sponji inadidimia biti inapobonyeza, na kina chako kinapotea. Kitu kinene, kama kipande cha pembe ya ng'ombe au mpini wa kisu, kishike kwa jiliwa dogo.

Naweza kuchonga Kiarabu?

Ndiyo, na watu wa mwambao wanakiomba sana: majina, dua za mlangoni, vibao vya misikiti. Andika kwenye Inkscape kwa fonti nzuri, geuza maandishi yawe njia, kisha unganisha maumbo yote yawe moja. Usiruke hatua hiyo ya mwisho. Katika fonti nyingi za Kiarabu kila herufi inalalia kidogo juu ya jirani yake ili ziungane. Usipoziunganisha, biti itachora kingo za herufi zote mbili na kuacha mistari inayokatisha katikati ya neno. Nukta ziangalie moja moja kwenye skrini: nukta ndogo mno hupotea, na neno likabadilika. Mpe mteja mchoro aukague na aukubali kabla biti haijagusa chochote.

Mashine inasimama katikati ya kazi na programu inasema mawasiliano yamekatika.

Ni kelele za umeme kutoka kwenye mota zinazoingia kwenye kebo ya USB. Tumia kebo fupi yenye kinga na tonge la feraiti, iweke mbali na waya za mota, na uunge kapasita ya seramiki ya 0.1 µF kwenye ncha mbili za mota. Zima pia usingizi wa kompyuta. Ikisimama na kuandika ALARM:1, swichi ya ukomo, ile ya kuisimamisha mashine mwisho wa njia yake, imeguswa, au kelele zimeigusa. ALARM:2 ina maana faili linataka kwenda nje ya eneo la mashine. Ukitoka kwenye hali hiyo kwa $X, amri ya kuifungua bodi, usiamini sifuri yako, iweke upya.

Kinga gani ni ya lazima?

Miwani, kila mara, kwani ncha ya biti ikivunjika inaruka. Barakoa ya vumbi kwa MDF, mpingo na hasa bodi za saketi, ambazo vumbi lake ni nyuzi za kioo. Hapo usipulize kwa mdomo wala kwa pampu, vuta kwa mashine ya kufyonza. Nywele na mikono mirefu ya nguo ifungwe. Usiiache inachonga peke yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, nimepoteza sahani?

Si lazima, ila uwe mwepesi. Kompyuta mpakato ina betri, na bodi inaendelea kupata umeme kupitia USB. Inaendelea kutuma hatua kwa mota ambazo hazina volti 24. Skrini inaonyesha X57 ilhali biti imekwama X22. Umeme ukirudi ghafla, mashine itaendelea kuchonga mahali pasipo pake, na hapo ndipo sahani inaharibika. Kwa hiyo taa zikizimika, kitu cha kwanza ni kuzima swichi ya mashine na kusimamisha faili.

Kama una swichi za ukomo, umeme ukirudi nyanyua biti, andika $H ili mashine itafute swichi hizo ijue ilipo, na sifuri yako ya kazi (G54) itakuwa bado imehifadhiwa kwenye bodi, mradi uliiweka kwa G10 na si kwa G92, ambayo ni ya muda tu. Kama huna, jenga mazoea ya kutoboa kitundu cha alama kwenye ubao, nje ya sahani, mahali unapojua X na Y zake, kabla ya kila kazi ya mteja. Rudisha ncha ya V kwenye kitundu hicho, ipe bodi namba zake, weka Z upya. Kisha anza faili mistari michache kabla ya pale lilipokatika. UGS inakuwezesha kuchagua mstari wa kuanzia. Hakikisha mwanzo wa kipande hicho una G21 (milimita), G90 (vipimo kutoka sifuri), M3 (kuwasha mota) pamoja na S yake, na amri ya kunyanyua Z kabla ya kusogea.

Adapta ya mashine hizi mara nyingi ni ya wati 96 hadi 120. UPS ndogo ya kompyuta ya mezani inaibeba kwa dakika chache. Umeme ukikatika unatuma alama ya !, mwendo unasimama bila kupoteza nafasi. Ukirudi kabla UPS haijaisha, unatuma ~ na herufi inaendelea ilipoachia.